Dakika Nane za Clifford Oldroyd

Kiangazi hicho maji ya bwawa yalishuka mpaka kanisa la Skelbeck, kijiji kilichozamishwa zamani, likatoa kichwa. Kwanza ulionekana ukuta wa juu, kisha kingo za daraja, na watu wa mji wa Harthwaite wakawa wanakwenda Jumapili kutazama, chai yao kwenye chupa. Clifford Oldroyd, mbunge wao kwa miaka arobaini na mitatu, hakwenda. Alizaliwa Skelbeck, nyumba ya tatu kutoka darajani, lakini kila ukame ulipokuja, yeye alipata kazi London.

Asiseme mtu kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa fundi wa reli kabla ya kuingia bungeni, na huko hakupata hata unaibu waziri. Alichojua ni kujibu barua. Bomba likipasuka, pensheni ikichelewa, mbwa wa jirani akikunyima usingizi, ukimwandikia Jumatatu basi Alhamisi jibu liko mlangoni, kwa mkono wake mwenyewe. Chaguzi kumi na moja walimrudisha. Waliompinga walikuja na suti nzuri, wakaondoka nazo.

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Clifford kilikuwa nguoni kwelikweli: kipande cha karatasi katika mfuko wa ndani wa koti la kijivu.

Mwaka wake wa pili bungeni uliletwa muswada wa kulizamisha bonde ili jiji lipate maji. Clifford aliupinga mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kura, mzee mmoja wa upande wa pili aliyeutaka muswada huo, Aubrey Winslade, alikuwa mahututi hospitalini. Chama chake kilikuwa tayari kumleta kwa gari la wagonjwa hadi uani mwa Bunge, ahesabiwe akiwa amelala. Ndivyo desturi yao ilivyo. Clifford akamwonea huruma, akaenda asubuhi kumpa mkono: lala, mzee wangu, wewe usipige kura, nami sipigi, tutakuwa sawa. Makubaliano ya namna hiyo hayaandikwi popote, na mbunge anayeyavunja hana wa kula naye tena. Hukoma tu mmoja wa wawili hao akifa.

Kengele ya kura ililia saa moja jioni. Ikishalia, una dakika nane kabla milango ya kupigia kura haijafungwa. Ndipo bawabu alipomletea ile karatasi: Bwana Winslade amefariki saa kumi na mbili na nusu. Clifford aliisoma mara mbili. Alikuwa huru. Lakini mkono ule alikuwa ameushika asubuhi ile ile, una joto, na ahadi ni deni. Tena wenzake walishamhakikishia kwamba wanaongoza kwa kura kumi. Akabaki kitini, akanywa chai yake mpaka ikaisha.

Walishindwa kwa kura moja. Angepiga yake zingelingana, na zikilingana, Spika kwa desturi huacha mambo yalivyo. Skelbeck ingekuwapo mpaka leo.

Jumapili iliyofuata, mbele ya watu waliojaa kanisani, Clifford alisema Winslade alifariki kesho yake asubuhi, yaani wakati wa kura ahadi ilikuwa bado inamfunga. Wala hakuna aliyemuuliza. Uongo ulimtoka wenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo kila kitu kinacholia kilimkamata, simu, birika la chai, saa ya ukutani. Alikuwa akisimama na kuhesabu mpaka dakika nane zipite. Marehemu mkewe alidhani ni ugonjwa wa moyo.

Sasa alikuwa anastaafu, na alikuwa amejiapiza kwamba hatakiacha kiti kile bila kumwambia mtu mmoja. Mtu mwenyewe alikuwa Edna Thwaite, aliyekuwa jirani yake Skelbeck. Walipohamisha makaburi, la Nancy, mtoto mchanga wa Edna na mumewe Harold, halikuwa na jiwe. Liliachwa kule chini, likafunikwa na maji.

Jumamosi yake ya mwisho aliketi kama kawaida katika chumba cha nyuma cha maktaba, watu wakiingia mmoja mmoja na shida zao. Edna aliingia wa mwisho, miaka themanini na minne, keki ya tangawizi ndani ya kitambaa.

"Haya, Bi Edna. Shida gani leo?"

"Leo sina shida. Kula keki. Umekonda kama fimbo ya pazia."

Clifford hakuigusa keki. Aliingiza mkono ndani ya koti, akaiweka karatasi mezani.

"Bi Edna, ni habari za ile kura. Winslade..."

"Alikufa saa kumi na mbili na nusu," Edna akasema. "Ilikuwa gazetini. Harold alilikata lile tangazo, tukaliweka ndani ya Biblia."

Clifford alikosa pa kuweka mikono.

"Mmejua tangu lini?"

"Wiki ile ile."

"Na mkaendelea kunichagua? Mara zote hizo?"

"Mimi nilitaka tukuanike pale pale kanisani. Harold akakataa. Akasema, mwache huyo, mwenye hatia hachelewi kujibu barua. Tukichagua mwingine atakuwa analala vizuri." Edna aliisogeza keki karibu naye. "Na kweli, Cliff. Hujachelewa hata mara moja."

"Kwa hiyo mlinisamehe."

"Nani kasema? Tulikuwa tunakutumia. Sasa kazi imekwisha." Alisimama, akaishika pembe ya meza. "Beba koti lako. Maji yameshuka mpaka ukuta wa makaburini umeonekana, na mimi siwezi kuteremka peke yangu. Utamwambia Nancy mwenyewe kwamba ulikuwa na dakika nane."