Chupa Niliyoona Haya Kuipima

Mwanangu, iko asubuhi moja ya miaka ya sabini ambayo sijaisahau na sitaisahau. Nilikuwa muuguzi kijana katika wodi ya wagonjwa mahututi hapa Nairobi, na nilijiona naijua kazi kuliko waliotangulia. Usicheke. Nakuona na wewe unavyotembea ukishavaa hiyo sare.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala Mzee Wekesa, fundi wa redio pale Adams Arcade. Kidonda cha mguu kilikuwa kimepeleka vijidudu kwenye damu, na daktari akamwandikia sindano za gentamaisini. Dawa hiyo huokoa, lakini figo zikishindwa kuitoa mwilini hujikusanya na kuharibu masikio. Ndiyo maana daktari alitubandikia jedwali ukutani: unatafuta uzito wa mgonjwa, unatafuta mkojo wake wa siku nzima, na pale vinapokutana unapata kipimo cha dawa na saa za kuichoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta yetu.

Shida yangu ni kwamba Mzee Wekesa alikuwa ndugu wa baba mkwe wangu. Kwetu magharibi mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe wala ndugu zake, seuze kufunua shuka lake na kushika chupa ya mkojo wake. Ningemwomba mwenzangu, kazi ya dakika mbili tu. Niliona haya hata kueleza. Siku mbili mfululizo nikanakili kwenye fomu namba ya siku iliyotangulia, nikaipeleka kwenye jedwali, nikadunga sindano kwenye mrija wa dripu bila kumgusa. Kumbe chupa ilikuwa karibu tupu.

Asubuhi ya tatu nikamsalimu kwa mbali kama kawaida. Akakunja uso.

"Mama, ongeza sauti. Hii masikio inalia tu kama redio imepoteza stesheni."

Metroni wetu, mama wa Ukambani ambaye hakuwahi kumfokea mtu, akaja akainua chupa, akasoma fomu yangu.

"Sista, hii namba ulitoa wapi?"

Nikamweleza mambo ya ukwe huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata kwetu kuna wakwe," akasema. "Ungeniambia, ningepima mimi. Sasa hiyo jedwali imejibu tu vile uliiambia."

Dawa ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Kidonda kilipona, figo zikarudi, masikio hayakurudi. Nilimwandikia mzee kosa langu lote kwenye karatasi. Akaisoma polepole, akaikunja, akaomba redio yake ndogo iliyokuwa kabatini. Akaiwasha, akaweka kiganja juu yake.

"Inaimba?" akaniuliza.

Ilikuwa inaimba. Nikaitikia kwa kichwa, nikashindwa kumtazama.

Sasa nasikia wodini kwenu kuna programu inayokokotoa dawa kwa kufumba na kufumbua. Itumie, mwanangu, ni kitu kizuri sana. Lakini kabla hujaijibu inachokuuliza, nenda kitandani ukapime leo, usiipe namba ya jana. Na kitu chochote kikikuzuia, iwe haya, uchovu au kumwogopa mkubwa, kitamke, mwingine apime.

Mungu awalinde wote watakaolala chini ya mikono yako. Na siku utakayokosea, akupe ulimi wa kusema mapema, "Sikupima."