Mdahalo wa Ruhusa Yangu

Mama alikuwa mahututi Kakamega, na pasipoti yangu ilikuwa kabatini mwa kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini, ambaye wafanyakazi tulimwita baba. Bila yeye kukubali, hakuna kutoka Riyadh. Kuomba nilikuwa nimeomba hadi nikachoka. Jibu lake ni lile lile, mafi safari, hakuna kusafiri.

Dereva wa nyumba ile alikuwa Mkenya mwenzangu, msomi wa chuo kikuu, tena bingwa wa midahalo huko kwao chuoni. "Dada, niachie mimi," akaniambia. "Huyu mzee nitampiga hoja mpaka akubali." Nikamwamini. Ningefanyaje?

Baba alisomea Marekani. Alipomsikia dereva akianza kwa "Mheshimiwa mwenyekiti", uso wote ukachangamka. Mimi nilikuwa pale pale sebuleni nikiwamiminia kahawa. Jamani, yule kijana alinena! Mama ni mmoja, akasema, kazi itangoja. Na mtu mwenye majonzi atawaleaje watoto wa mwenzake? Machozi yalinitoka.

Baba akapiga makofi. Akasema chuoni kwake kulikuwa na chama cha mdahalo cha tangu karne ya kumi na tisa, na desturi yao ilikuwa moja: ukishamaliza kutetea upande wako, unahamishiwa ule mwingine. "Yalla, sasa pinga."

Nilimkodolea macho dereva. Kataa, wewe! Lakini wapi. Akakohoa kidogo, akanyoosha kola ya shati, akaanza. Wangapi wameruhusiwa wakaenda, wasirudi? Mkataba ni mkataba. Isitoshe huyu dada si daktari, akifika mgonjwa atapata nafuu gani? Hoja ambazo baba mwenyewe hakuwahi kuziwaza, Mungu wangu, alimtafunia akamlisha.

"Halas," baba akasema. "Umenishawishi." Wakapeana mikono huku wanacheka.

Dereva akanifuata jikoni, jasho linamtiririka kwa furaha. "Lakini ule upande wa kwanza ndio ulikuwa na nguvu, ama?" Nilimchukia, na hadi leo namchukia, kuliko hata yule aliyenifungia pasipoti.

Mama alizikwa bila mimi. Nilipomwambia baba, alinipa pole. Kisha akaniagiza nitandike mito zaidi sebuleni, maana amealika rafiki zake waje wamsikie dereva.