Siku Mama Alipoingia Bwawani

Bwawa la kijiji chetu cha Mbwawa lilikuwa bondeni, nyuma ya mashamba ya mihogo. Upande wa njia palikuwa na mchanga na maji ya magotini. Hapo ndipo watoto tulipochezea. Ng'ambo kulikuwa na matete. Katikati, pale malori yalipowahi kuchukua kifusi, palikuwa na shimo refu lililozungukwa na mayungiyungi.

Mama, mwalimu wa shule ya msingi, alitukataza kabisa kwenda bwawani, mimi na dada yangu. Tulikwenda kila Jumamosi.

Jumamosi moja dada alifuata ua la yungiyungi, akapitiliza. Nikaona kichwa chake kikizama, kikaibuka, kikazama tena. Nikapiga kelele. Kumbe mama alikuwa tayari njiani, fimbo mkononi, anakuja kutucharaza. Aliitupa ile fimbo, akaingia na gauni lake, akapiga mbizi. Nikajua tumempoteza na yeye, maana sikuwahi kumwona mama kwenye maji yanayozidi beseni. Akaibukia kwenye mayungiyungi, amemkamata dada kwapani, akaogelea kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka mchangani.

Dada alitapika maji, kisha akalia. Mama alikaa chini, anahema.

"Mama, kumbe unajua kuogelea?" nikamuuliza.

"Nimekulia ziwani mimi." Aliyatazama maji kwa muda. "Tangu nihamie huku kufundisha, sijaogelea hata siku moja."

Tukasubiri kuchapwa. Badala yake akasema, "Jumamosi ijayo tunakuja wote. Mjifunze, mjue."

Na kweli alitufundisha. Alitushika tumboni kwa kiganja, akisema, "Legea. Usipigane na maji." Wanafunzi wake walipita njiani wakiduwaa: "Shikamoo mwalimu!" Naye akaitikia "Marahaba!" kichwa tu kikiwa juu ya maji. Alikuwa na kicheko cha bwawani ambacho nyumbani hatukukijua.

Siku hizi bonde limejaa nyumba, na bwawa limebaki dimbwi la masika. Mama amestaafu, magoti yanamsumbua. Mwezi uliopita tulipita hapo tukitoka kanisani, akaniomba tusimame. Akavua viatu, akaingia mpaka maji yakamfika vifundoni.

"Twende, mama, jua kali."

"Ngoja kidogo."

Nikavua viatu vyangu, nikaenda kusimama naye.