Pampu Niliyojitengenezea, na Mazishi ya Baba Mkwe

Hii siwezi kuisimulia nikiwa na watu wa Kilungu, kwa wakwe zangu, na kama kuna mmoja wenu ameoa huko naomba ayaache hapa hapa, maana aibu yenyewe bado ni mbichi. Mimi nauza mbao mjini Wote. Nina pikapu ya petroli, ile ya zamani ambayo pampu ya mafuta imefungwa ubavuni mwa injini na inasukumwa na injini yenyewe, haina waya wala kompyuta, na miaka yote nimekuwa nikijigamba kwamba gari langu halijui fundi mwingine isipokuwa mimi. (Mke wangu Mwende husema ndio maana linakohoa. Mwende ana mdomo.)

Baba mkwe alipofariki, kwenye mkutano wa matanga wakaanza kuongea habari ya kukodi gari la kubeba mwili, nikasimama, nikafunga vifungo vya koti, nikasema mzee wangu hawezi kubebwa na gari la watu wasiomjua, nitambeba mimi. Wakanipigia makofi, na gari la kukodi likaachwa. Sasa, mimi nilikuwa najua vizuri kwamba pampu inavuja, ule mpira mwembamba wa ndani unaopanda na kushuka kuvuta petroli ulikuwa umepasuka, na badala ya kwenda Machakos kutafuta pampu nyingine nilichukua chubu kuukuu, ule mpira wa hewa wa ndani ya gurudumu, nikakata kipande kwa makasi, nikafunga. Gari likawaka, likazunguka soko siku mbili bila neno, nikajiona injinia.

Mama mkwe alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Miguu yake imekwisha nguvu, mochari asingefika, kwa hivyo tulikubaliana kwamba jeneza likifika nyumbani litafunguliwa sehemu ya uso, amuage mumewe, ndipo ibada ianze. Asubuhi hiyo walimtoa nje mapema, wakamweka kwenye kiti chini ya tenti, akatazama lango.

Tukatoka mochari pale Wote saa nne, jeneza nyuma na akina mama watano wakiimba, na shemeji yangu Mutinda, ndugu ya Mwende, kando yangu. Kwenye barabara tambarare lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda milima ya Kilungu likakohoa, likavuta kidogo, likakohoa tena, likazima. Nikafungua boneti kama mtu anayejua kazi. Nikapuliza chujio, safi. Nikachomoa paipu pale kwenye kabureta nikamwambia Mutinda apige stata, na badala ya petroli kuruka ikatoka matone matatu hivi, ya kunihurumia. Nikafungua pampu. Ile chubu yangu ilikuwa imefura na kulegea kama chapati iliyoanguka kwenye chai (petroli hula mpira wa chubu, kila fundi anajua, mimi sikuwa nimeuliza fundi).

Mutinda akasema kwa upole, "Shemeji, tupigie wale watu wa gari la kukodi. Bado watatufikia."

Nikamwambia, "Nipe dakika kumi."

Hapo ndipo nilipozika heshima yangu, si kwenye kaburi. Ningekubali, leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Lakini nilikuwa nimepigiwa makofi, jamani, makofi ni kitu kibaya. Kwa hivyo nikachukua mtungi wa petroli, nikaufunga kwa kamba juu ya kebini, nikatia paipu ndani yake hadi kwenye kabureta ili mafuta yateremke yenyewe bila pampu, na kifuniko nikakilegeza hewa ipite. Kufika hapo masaa mawili yalikuwa yamekwisha na jua linachoma kweli kweli. Gari likawaka. Akina mama wakaanza wimbo upya, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga honi.

Kona ya pili, ile kali, mtungi ukalala upande wa nyuma. Nilisikia wimbo umekatika. Petroli yote ilikuwa imemwagika juu ya jeneza, upande wa kichwa, pale pale kwenye kile kidirisha cha uso, na akina mama wanaruka chini wakishika leso zao zilizolowa, na mmoja ananiuliza kama nataka kumchoma mzee. Wanaume wakaja kutoka mashambani, wakalibeba jeneza mabegani mlima mzima, wakibadilishana na kugeuza nyuso pembeni kwa ile harufu, na mimi nikifuata nyuma na spana mkononi, sijui nilikuwa naipeleka wapi.

Tulifika jua likiegemea. Mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akafungua kidirisha kidogo, akaangalia, akafunga. Petroli ilikuwa imeingia. Akasema hakuna kuaga mwili, twende kaburini. Mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti, "Hamnifungulii?" na mtu akamwambia tumechelewa, mama. Ningekuwa na pa kujificha ningejificha.

Na sisi Wakamba mnatujua, mkwe na mama mkwe kuna ile heshima tunaita nthoni, humwangalii machoni, humwendei tu ukamwambia samahani kama jirani. Nikatuma wazee na mbuzi. Mbuzi akaliwa, wazee wakasema yamekwisha. Pikapu nimeipeleka kwa fundi na sijaigusa tena kwa spana, na mtu akifiwa wakiuliza nani ana gari, mimi naangalia viatu vyangu.

Lakini wiki iliyopita Mwende alitoka kwao na ujumbe. Mama anasema hana kinyongo. Anasema Mutinda akiulizwa analia tu, hasemi kitu, kwa hivyo anakuomba wewe uliyeenda kumchukua umwambie, uso wa mzee ulikuwa aje?

Wenzangu walipoingia mochari kumvalisha, mimi nilibaki nje chini ya boneti nikikaza pampu. Sikumwona. Nikamwambia Mwende, mwambie alikuwa kama amelala. Mwende akaenda kumpigia mama yake simu.