Kitinda Mimba Wangu na Mashindano ya Silaha

Ujana wangu niliumalizia Muungano wa Kisovieti, nikisomea uhandisi wa mitambo. Leo naishi Kingsbury, na sikudhani kuna mtu hapa London angehitaji habari za miaka ile. Mwaka jana mwalimu wa historia akampa kitinda mimba wangu mada: mashindano ya silaha za kisasa yaliulemeaje uchumi wa Kisovieti? Aeleze mbele ya darasa na wazazi.

"Mama, wewe ulikuwepo. Uliona nini?" aliniuliza nikichambua mchicha.

Nikamweleza. Tulifanya mazoezi ya kazi katika kiwanda cha matrekta. Mashine zilikuwa kuukuu, vipuri hakuna. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha vifaa vya makombora, kimezungushiwa ukuta mrefu. Mashine mpya zote zilikwenda huko. Rafiki yangu Mrusi, aliyekuwa akiongoza darasa letu, naye alichukuliwa huko, ingawa ndoto yake ilikuwa kuunda mashine ya kuvunia ngano.

"Wamarekani wanatia kompyuta kwenye silaha," aliniambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya viatu. "Lazima tuwafikie. Ngano itasubiri."

Viatu viliisha kabla hatujafika dirishani.

Siku yenyewe nilikaa karibu na bibi mmoja Mgujarati, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake. Binti yangu alisimama bila karatasi, akaeleza yote. Mwalimu akamkatiza: je, si kushuka kwa bei ya mafuta, na mipango mibovu?

"Hayo pia," akajibu bila kutetereka. "Lakini silaha za zamani zilitaka chuma, na chuma walikuwa nacho tele. Hizi mpya zilitaka wahandisi bora na mashine bora, na hivyo vilikuwa haba. Kila kilichoingia kiwanda cha makombora, kiwanda cha matrekta kilikikosa. Uchumi ulikuwa mgonjwa tayari, ukabebeshwa mzigo mwingine."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akamwomba arudie ili wenzake waandike.

Nikamnong'oneza jirani yangu, "Yule ni binti yangu."

"Nimeshajua, dada," akasema. "Tangu aanze kusema midomo yako inacheza."

Nikacheka kwa sauti. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, nami nikazidi kunyoosha mgongo.