Siku Mheshimiwa Alipojibu Kamwokya

Shangazi yangu Rispa alinipigia simu kutoka Bwaise, Kampala. Mbunge wao wa zamani alikuwa amefariki, na sasa ukoo wake ulikuwa unamweka mrithi. "Nakwenda kumuuliza mufereji yangu mbele ya watu," alisema. "Nijue kama nakaa hapa ama nahama." Mimi wanasiasa siwapendi, wawe hai au makaburini, lakini shangazi ni baba. Nikafunga duka langu Bungoma, nikapanda basi.

Mpakani Busia tulikawia, na tulipopita Nakawa jua lilikuwa limeanza kuinama. Bwaise nilimkuta shangazi ameinua kitanda juu ya matofali. Ukutani, maji ya mafuriko yaliyopita yalikuwa yameacha mstari wa tope unaonifika magotini. Miaka yote tumemsihi arudi nyumbani, naye hukataa.

Akipika chai alinieleza sababu. Zamani, wenye vibanda walipotaka kuwafukuza Wakenya sokoni, mheshimiwa alikuja, akaketi kwenye kigoda cha shangazi, akala mandazi aliyokuwa akiuza, akatangaza: "Huyu ni dada yangu. Anayemtaka aanze na mimi." Hakuna aliyethubutu. Baadaye, nyumba ilipojaa maji, aliingia na viatu vyake vizuri, akamshika mkono, akamwahidi mfereji wa kutoa maji ya mvua mtaani. Shangazi amengoja mfereji huo mpaka nywele zimekuwa mvi.

Asubuhi tulikwenda Kamwokya, nyumbani kwa marehemu. Uwanja ulijaa mahema, na wanasiasa wamekalia viti vya mbele, bila shaka. Mila ya Waganda ilinishangaza: mrithi hapokei tu mali, anakuwa marehemu mwenyewe. Dada zake wakubwa walimpigia magoti na kumwita baba. Ukoo ulikuwa umemchagua mwana aliyekuwa dereva wa marehemu, mtu mkimya. Alisimama mlangoni amevaa nguo ya gome la mti, ameshika mkuki, jasho linamtiririka. Nilimhurumia kweli.

Watu walipanga foleni kumsalimu na kumpa zawadi. Zamu ya shangazi ilipofika, alipiga magoti, akamkabidhi kuku, kisha akapaza sauti, akimwita bwana kwa Kiganda:

"Ssebo, ulisema utaleta mufereji Bwaise. Nimengoja. Iko wapi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa ukoo akamnong'oneza mrithi jibu kwa Kiswahili, nasi tulikuwa karibu tukasikia: "Sema itakuja. Sema tu."

Mrithi alimgeukia shangazi. Nilijua ahadi inakuja, nikaanza kukasirika mapema.

"Mama Rispa," akasema, "mufereji hapana kuja. Mimi nilijua pesa hakuna. Nilisema sababu wewe ulikuwa nalia, na mimi nilishindwa kuvumilia kukuona nalia. Usingoje tena. Nisamehe."

Wanasiasa wakatazama viatu vyao. Nikakumbuka kwamba huyu ndiye aliyeendesha gari la marehemu. Aliyasikia aliyoyasema baba yake baada ya mlango wa gari kufungwa. Shangazi alilia palepale, kwa sauti.

Tuliporudi Bwaise alianza kukunja nguo kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwa. Majirani walikuja kumuaga, wakagawana sufuria zake. Kesho yake tukapanda basi la kurudi, godoro likiwa juu ya paa.

Nilikwenda nikidhani kiongozi hukumbukwa kwa kusifiwa. Watu wa pale walimkumbuka wa kwao kwa kumpigia magoti na kumdai papo hapo, na nikaona kwamba heshima na dai vinaweza kukaa mkeka mmoja.

Tulipovuka Busia nilimuuliza shangazi kama amemchukia mheshimiwa sasa.

"Nimuchukie ya nini?" akasema, akijifuta macho. "Wenzake wako hai na hawajibu. Yeye amekufa, na amenijibu."