Chupa Niliyoiosha

Miaka ya themanini nilikuwa naosha vyombo vya kioo katika maabara ya kemia Stockholm. Mume wangu alikuwa mwanafunzi, tukiishi Rågsved, pembezoni mwa jiji. Mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria yenye doa kwake ilikuwa aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo Waswidi walinisifu sana, na sifa zikanilevya.

Kwenye maabara hiyo alikuja mzee mmoja Mwingereza, mwanakemia aliyekaribia kustaafu. Baba yake alikuwa muuza makaa. Yeye alisoma kwa ufadhili, akafundisha Nairobi akiwa kijana, na huko ndiko alikochuma gome la mti fulani, akatoa dawa ndani yake na kuchora umbo la molekuli yake. Mchoro huo ndio uliompa uprofesa. Mjerumani mmoja tu alimbishia, miaka thelathini bila kuchoka. Sasa mzee alifuata mashine ya eksirei ambayo ingemaliza ubishi, mradi apate fuwele, zile chembe ngumu zinazong'aa kama chumvi. Gome lilikuwa limekwisha. Kilichobaki ni utando wa kahawia wa dawa ile ndani ya chupa moja, aliouacha dirishani ugande wenyewe, wiki baada ya wiki.

Mimi sikuambiwa. Ijumaa moja niliona chupa chafu dirishani, nikaona haya kwa niaba ya mzee wa watu. Niliisugua kwa asetoni, maji makali ya kuyeyushia uchafu, mpaka ikameta, nikamwekea mezani.

Jumatatu nilimkuta ameishika, uso umemsawajika. Msichana wa maabara aliponieleza kwa Kiswidi nilichokifanya, nilikaa sakafuni. Nilingoja matusi. Mzee akaniuliza kwa Kiswahili cha Nairobi, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia:

"Mama, ile maji ya kuosha, ulimwaga wapi?"

Nikamwambia kwenye dumu la taka, maana sinki tulikatazwa.

Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mzee yule aliyazoa. Alibeba dumu lile lenye taka za wanafunzi wote, akazichemsha zikapungua, kisha akazipitisha kwenye bomba refu la kioo lililojaa unga mweupe wa kutenganisha dawa na taka, tone kwa tone, wiki tatu. Kila jioni nilipita kutazama, nikiomba kimoyomoyo. Wiki ya nne fuwele zikatokea, hazijazi hata ukucha. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Alizipiga eksirei mwenyewe. Siku alipopata majibu nilikuwa nafuta meza yake. Aliweka mchoro wake wa zamani kando ya ule mpya. Hata mimi nisiyejua kemia niliona haifanani. Mjerumani alikuwa amesema kweli miaka yote ile.

Nilishtuka kuliko siku ya chupa. Nilijiuliza ni kitu gani nilikuwa nimekiombea. Nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Profesa, sema fuwele nimeziosha tena. Wataamini."

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Akaniuliza kama najua nitafukuzwa. Nikasema najua.

"Hapana, Mama," akasema.

Akavuta karatasi na kumwandikia Mjerumani barua palepale, mistari mitatu, akanisomea: wewe ulikuwa sahihi, mimi nilikosea, ushahidi huu hapa. Aliingiza michoro yote miwili kwenye bahasha, akaifunga, akanikabidhi. Alisema niipeleke mimi, kwa sababu ikilala kwake usiku mmoja hataituma kamwe. Alinipa mimi, niliyetoka tu kumshauri adanganye.

Nilitembea hadi kwenye sanduku la posta. Maisha ya mtu yalikuwa ndani ya bahasha ile, na hakuna aliyekuwa akinitazama. Niliitumbukiza, nikasikia ikigonga chini, nikabaki nimesimama pale kwenye theluji nimeduwaa.